Sura ya Nne: Kushuka na Kupanda

Hadi hapa tumeshughulika zaidi na mkono wa kushoto. Umejua kutyuni gitaa, umezizoea freti, na unaweza kubadili kodi chache bila kukatiza wimbo. Sura hii ni ya mkono wa kulia. Kama wewe ni wa mashoto na gitaa lako limegeuzwa, geuza na maelezo haya.

Wanaoanza wengi huupuuza mkono wa kulia kwa kuwa kazi yake inaonekana nyepesi: kushika piki na kugonga uzi. Lakini mkono wa kushoto huchagua noti tu. Noti hiyo italia lini, kwa nguvu gani, na itaangukia wapi ndani ya mapigo ya wimbo, hayo yote ni ya mkono wa kulia. Ukimsikia mpiga solo ambaye noti zake ni sahihi lakini wimbo unayumba, mara nyingi kasoro iko huko.

Mbinu tunayojifunza ni ya mapigo ya kupokezana. Piki inashuka kuelekea sakafuni na kuugonga uzi. Inaporudi juu inaugonga tena. Kushuka, kupanda, kushuka, kupanda, bila kurudia upande mmoja mara mbili. Ni sheria fupi kuliko zote katika kitabu hiki, na ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi kuingia mwilini. Msimamo wangu katika sura hii ni mmoja: shabaha ya kwanza ya mbinu hii si kasi. Shabaha ni usawa wa mapigo. Kasi huja baadaye, na huja kwa yule tu aliyeupata usawa.

Kwa nini tusishuke tu?

Mpe piki mtu ambaye hajawahi kupiga gitaa, naye atashuka tu. Ni jambo la kawaida. Uzito wa mkono unamsaidia na uzi unalia kwa kishindo. Wapo hata mabingwa waliojenga jina kwa kushuka. Johnny Ramone wa bendi ya Ramones ya New York alipiga nyimbo za mbio kwa mapigo ya kushuka, moja baada ya nyingine, kwa sababu alitaka kila pigo liwe na uzito uleule. James Hetfield wa Metallica anasifika kwa jambo hilohilo. Hao walichagua, tena kwa ajili ya sauti waliyoitaka. Anayeanza hajachagua chochote. Anashuka kwa sababu kupanda bado hajakujua.

Tufanye hesabu kidogo. Weka metronomu kwenye 60, yaani pigo moja kila sekunde. Ukipiga noti 4 ndani ya kila pigo, unapiga noti 4 kwa sekunde. Ukipandisha hadi 120, zinakuwa noti 8 kwa sekunde. Anayeshuka tu anapaswa kushuka mara 8 na kurudi juu mara 8 ndani ya sekunde hiyo, na safari zote za kurudi hazimpi noti hata moja. Anayepokezana hushuka mara 4 na kupanda mara 4, na kila safari inampa noti. Mkono wake unafanya nusu ya kazi na kupata mavuno yaleyale.

Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Hesabu kwa sauti: moja na mbili na tatu na nne na. Kila namba ni ya kushuka, kila “na” ni ya kupanda. Mkono ukishazoea mpango huo, huna haja tena ya kujiuliza uko wapi ndani ya wimbo, kwa sababu upande ulioko mkono ndio jibu. Hata noti ikiwa ndefu, au pakiwa na kimya, mkono unaendelea kwenda na kurudi hewani bila kugusa uzi, na noti inayofuata ikiwadia mkono uko pale unapotakiwa. Mtazame mpiga gitaa la ridhimu yeyote mzuri: mkono wake hausimami, ingawa nyuzi hazilii muda wote. Kwenye noti 8 kwa sekunde hakuna binadamu anayeweza kuamua upande wa kila pigo. Uamuzi lazima uwe umefanyika zamani, katika mazoezi ya polepole.

Mbinu iliyotoka kwenye udi

Mbinu hii si mali ya gitaa peke yake. Mwaka 1962, huko California, mpiga gitaa Dick Dale alitoa wimbo uitwao Misirlou ambao mpaka leo wanafunzi wa gitaa duniani hujipima nao. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Richard Monsour. Alizaliwa Boston mwaka 1937, na upande wa baba asili yake ilikuwa Lebanon. Utotoni alimsikiliza ami yake akipiga udi. Misirlou wenyewe ni wimbo wa zamani wa nchi za mashariki mwa Bahari ya Kati. Dale aliuhamishia kwenye gitaa la umeme, akaupiga mwanzo wake juu ya uzi mmoja mnene, kushuka na kupanda kwa mbio kubwa, kila noti ikirudiwarudiwa mpaka uzi ukawa kama unaimba bila kupumua. Filamu ya Pulp Fiction ya mwaka 1994 iliufikisha wimbo huo kwa kizazi kingine.

Msomaji wa pwani anaujua udi. Ni ala ya taarabu, haina freti, nyuzi zake nyingi zimefungwa mbili mbili, na hupigwa kwa risha ndefu nyembamba. Ukipata nafasi ya kuhudhuria taarabu asilia Unguja, mjini ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu 1905, kaa karibu na mpiga udi na usiangalie vidole vya mkono wa kushoto. Angalia kifundo cha mkono wa kulia. Utaona kinavyocheza kwa wepesi, na namna noti moja inavyoweza kurefushwa kwa kushuka na kupanda kwa haraka juu ya jozi moja ya nyuzi. Alichokifanya Dale kwa umeme kilianzia kwenye kifundo kama hicho.

Namna ya kushika piki

Kunja kidole cha shahada kidogo, kama unavyokikunja unapopumzika. Laza piki juu ya ubavu wa kidole hicho, karibu na ncha, kisha uifunike kwa kidole gumba. Ncha ya piki ichomoze milimita chache tu. Piki ikichomoza sana, itakwama kwenye uzi na kukuzungukia mkononi. Kwa kuanzia chagua piki yenye unene wa kati ya milimita 0.7 na 1.0. Nyembamba zaidi hupinda kabla uzi haujalia, na noti huchelewa.

Ishike kwa nguvu ya kutosha isidondoke, basi. Mtu akiivuta taratibu itoke. Ukiona ukucha wa gumba umegeuka mweupe, umebana kupita kiasi, na ubanaji huo utapanda kwenye kigasha, bega, hata taya. Kila baada ya zoezi jikague sehemu hizo. Misuli kuchoka kidogo ni kawaida. Maumivu si kawaida, na dawa yake ni kuacha kwa siku hiyo.

Sasa mwendo. Utoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kiwiko. Kung'uta mkono kama mtu aliyenawa na hana taulo: mtikisiko ule mwepesi ndio tunaoutaka, ila mdogo zaidi. Egemeza ubavu wa kiganja juu ya daraja la gitaa bila kukandamiza, ili mkono ujue ulipo. Inamisha piki kidogo ili uzi uguswe na ukingo wake, usipigwe na uso wake wote. Piki iliyolala bapa hugomana na uzi kila safari, iliyoinama huteleza.

Kisha angalia umbali. Baada ya kugonga uzi, piki iende milimita chache tu na kugeuka. Wanafunzi wengi hupiga na kuupeleka mkono mbali, nyuzi mbili au tatu mbele, halafu wanatafuta njia ya kurudi. Kila milimita ya ziada italipwa na kasi yako ya baadaye.

Zoezi la kwanza: uzi mmoja

Chukua uzi wa tatu, ule wa G, bila kubonyeza freti yoyote. Mkono wa kushoto ugusie nyuzi nyingine tu, zisivume. Metronomu iwe 60.

Kwanza piga noti moja kwa kila pigo, kushuka tu, mpaka usikie piki na metronomu vinalia kwa wakati mmoja. Kisha noti mbili kwa pigo: kushuka kwenye pigo, kupanda katikati. Kisha nne: kushuka, kupanda, kushuka, kupanda. Hesabu kwa sauti. Anayehesabu kimoyomoyo huharakisha bila kujua.

Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza bila kutazama. Je, unaweza kutambua kwa masikio lipi lilikuwa pigo la kushuka na lipi la kupanda? Kwa anayeanza jibu huwa ndiyo, tena waziwazi: la kushuka nene na lenye nguvu, la kupanda jembamba na limechelewa kidogo. Usipandishe metronomu. Geuza zoezi: anza kwa kupanda, ili pigo la kupanda ndilo liangukie kwenye metronomu. Mwanzoni mkono utagoma. Vumilia kwa dakika chache, kisha rudi kwenye mpango wa kawaida na ujirekodi tena. Siku ambayo mtu anayesikiliza rekodi yako hawezi kutofautisha mapigo mawili hayo, umevuka mlango wa kwanza.

Zoezi la pili: tatu tatu

Mapigo ya mbili na nne ni rafiki wa mbinu hii, kwa sababu kila kundi linaanza kwa kushuka. Tatu zinabadilisha mambo. Hesabu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Kundi la kwanza ni kushuka, kupanda, kushuka. Kundi la pili kwa hiyo linaanza kwa kupanda: kupanda, kushuka, kupanda. Noti ya kwanza ya kundi, inayotakiwa kusikika zaidi, mara iko kwenye kushuka, mara iko kwenye kupanda.

Hili si zoezi la vitabuni tu. Chakacha hutembea kwa sita kwa nane, mapigo sita yaliyogawanyika tatu tatu, na ngoma nyingi za pwani ziko katika ukoo huo. Mpiga gitaa ambaye pigo lake la kupanda ni dhaifu ataipiga chakacha ikichechemea: kundi moja likisikika, linalofuata likizama. Weka metronomu kwenye 50, piga noti tatu kwa kila pigo kwenye uzi ule ule wa tatu, na uitie nguvu noti ya kwanza ya kila kundi, iwe ya kushuka au ya kupanda. Mguu ugonge sakafu kwenye noti hiyo. Usawa ulioujenga katika zoezi la kwanza utapimwa hapa.

Zoezi la tatu: kuvuka uzi

Kwenye uzi mmoja mambo ni rahisi. Ugumu unaanza unapovuka kwenda uzi wa jirani, na unafuu huja ukielewa kwamba kuna aina mbili za kuvuka.

Chukua uzi wa tatu na wa pili, zote mbili wazi. Shuka kwenye wa tatu, panda kwenye wa pili, rudia. Piki inazungukia nje ya nyuzi zile mbili, na mkono una nafasi. Sasa geuza: shuka kwenye wa pili, panda kwenye wa tatu, rudia. Mara hii piki inajikuta ndani, kati ya nyuzi mbili, na kila mara inapaswa kuinuka na kurudi katika nafasi ile finyu. Noti ni zilezile, nyuzi ni zilezile, lakini mkono unajua tofauti. Karibu kila anayeanza huona kuzungukia nje ni rahisi kuliko kuingia ndani. Basi zoezi la ndani lipewe muda zaidi.

Ukishayazoea hayo, hamia kwenye skeli mbili. Ya kwanza ni pentatoniki ya A ndogo kuanzia freti ya 5. Kila uzi una noti mbili: uzi wa sita freti ya 5 na ya 8; wa tano, wa nne na wa tatu freti ya 5 na ya 7; wa pili na wa kwanza freti ya 5 na ya 8. Kwa kuwa noti ni mbili mbili, kila uzi mpya unauanza kwa kushuka, na ukielekea nyuzi nyembamba unavuka kwa ndani kila mara.

Ya pili ni skeli ya G kubwa yenye noti tatu kwa kila uzi: uzi wa sita na wa tano freti ya 3, 5 na 7, wa nne na wa tatu freti ya 4, 5 na 7, wa pili na wa kwanza freti ya 5, 7 na 8. Hapa uzi wa sita unaanza kwa kushuka, wa tano kwa kupanda, wa nne kwa kushuka, na kuendelea. Ukielekea nyuzi nyembamba, unavuka mara kwa nje, mara kwa ndani. Mkono utajaribu kuanza kila uzi kwa kushuka kwa mazoea. Usiuruhusu. Ikibidi, taja kwa sauti: kushuka, kupanda, kushuka, kupanda, kushuka, kupanda.

Mikono miwili ikutane

Upo uchafu mmoja wa sauti ambao kwa ajili yake wanafunzi huulaumu mkono wa kulia wakati kosa ni la pande zote mbili. Piki inagonga uzi kabla kidole cha kushoto hakijafika, au kidole kinainuka kabla ya noti kumaliza muda wake. Kwa mwendo wa polepole sikio halishtuki. Kwa mwendo wa mbio noti zinageuka mikwaruzo.

Dawa ni vipande vifupi. Chukua noti tano za skeli, zipige kwa mwendo wa haraka kidogo kuliko unavyomudu, kisha simama kwenye noti ya tano na uiache ilie. Pumzika mapigo mawili. Rudia. Kipande kifupi hakiipi misuli nafasi ya kukaza, na noti ya kusimamia inakuonyesha papo hapo kama mikono imefika pamoja. Kikiwa safi mara kadhaa mfululizo, ongeza noti au pandisha metronomu kwa 4, si zaidi.

Wasioifuata sheria hii

Si haki kukuacha ukidhani hii ndiyo njia pekee. Django Reinhardt, aliyefariki 1953 na ambaye bado ni mwalimu wa wapiga jazi wa kizazi hiki, alishuka kila alipoingia uzi mpya, hata kama pigo lililotangulia lilikuwa la kushuka. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alitumia gumba na kidole cha shahada, na wapiga gitaa wa Afrika wamekuwa wakimfuata tangu siku hizo.

Tarehe 5 Desemba 1980, katika ukumbi wa Warfield jijini San Francisco, watu watatu waliketi na magitaa yasiyo ya umeme. Al Di Meola na John McLaughlin walishika piki na kupokezana kushuka na kupanda. Paco de Lucía wa Hispania hakushika kitu; alipiga kwa vidole kama mila ya flamenko inavyotaka. Rekodi ya usiku huo inapatikana kwa urahisi. Isikilize ukijua kwamba Paco naye, katika vipande vya mbio, anapokezana: kidole cha shahada, cha kati, cha shahada, cha kati. Gumba na shahada vya Mwenda navyo vinagawana kazi kwa mtindo wake. Njia ni tofauti, ila wote wameijenga kasi juu ya viungo viwili vinavyopeana zamu bila kimoja kukizidi kingine.

Ndiyo maana nasisitiza uanze hapa. Ukiwa na mapigo ya kupokezana yaliyo sawa, baadaye unaweza kuivunja sheria hii kwa makusudi, kama Django. Usipokuwa nayo, huna unachokivunja.

Ratiba ya wiki nne zijazo ni hii: dakika 15 kila siku. Tano za kwanza ni za uzi mmoja, tano za kuvuka uzi, tano za skeli. Jumapili jirekodi, na uihifadhi rekodi. Usiruke siku ukitegemea kulipa kwa saa mbili za Jumamosi. Mkono hujifunza kwa kurudiwa mara nyingi, haujifunzi kwa kuchoshwa mara moja. Na usiifungue Sura ya Tano mpaka zoezi la uzi mmoja, noti 4 kwa pigo, liwe safi kwenye 80, kushuka na kupanda vikilia sauti moja. Kodi ngumu, solo ndefu na nyimbo unazozipenda zote ziko mbele, na zote zitapita katika mkono huu.